Shangazi, fizi zatoka damu na mimba haiji

SUALI: Asalaam alaykum Shangazi. Mie nipo Wete, nna miaka 29, tumeoana mwaka na miezi minne na mpaka leo sijashika kitu, siku zangu hazichelewi hata mara moja. Mama mkwe anasema nna chango, nshakunywa makombe (maji ya aya za Kurani) mpaka nimechoka. Sasa juzi shoga yangu kanambia ati fizi zikitoka damu mimba inachelewa, nikamcheka, lakini kweli mie kila nikipiga mswaki natema damu, na harufu ndo usiseme, nashinda na karafuu mdomoni. Kuna ukweli au ananizuga?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Hajakuzuga ila kakupa nusu ya maneno. Ukoga ukiachwa kwenye shina la jino unaganda mgumu kama jiwe la matumbawe, mswaki hauutoi tena, na chini yake vijidudu vinajipa nyumba, fizi inavimba, inaachana na jino inafanya kimfuko. Sasa balaa lenyewe halikai mdomoni tu, vile vijidudu na ule uvimbe unaingia kwenye damu na damu inazunguka mwili mzima, mpaka huko kwenye kizazi. Mwaka 2011 madaktari wa Australia walitoa matokeo ya wajawazito zaidi ya 3,000, wenye ugonjwa wa fizi ilikuwa imewachukua kiasi cha miezi 7 kushika mimba na wenye fizi nzima miezi 5. Tizama vizuri hapo mwanangu, ni miezi miwili, sio miaka, na wote wale mimba walishika. Kwa hio fizi huenda zinachelewesha, sikwambii ndo zimekufunga.

Wewe ushapita mwaka, na chini ya miaka 35 mwaka ukipita bila kinga yoyote ndo watu wanakwenda kupimwa (aliyevuka 35 asingoje, miezi 6 yatosha). Nimesema watu, sio mtu! Mumeo naye akapimwe mbegu, kwani mara nyingi tatizo liko kwa mwanamme na sijui kwa nini makombe anakunywa mke peke yake. Dua endelea nayo, haigombani na hospitali.

Meno kasafishwe sasa hivi kabla hujashika mimba, maana ukishashika homoni zinazidi kuzivimbisha fizi, utakuja kunlaumu. Watakukwangua ule ukoga mgumu, kidogo utaona kero, basi. Nyumbani mswaki laini mara mbili, na usiache kusugua ati kwa kuwa panatoka damu, hapo ndo panataka kusuguliwa, pole pole. Karafuu inatuliza maumivu na inaficha harufu, ukoga haiutoi hata ukitafuna gunia zima.

SUALI: Shangazi, mie mwanamme wa Jang'ombe, miaka 44. Tambuu na tumbaku ndo uraibu wangu miaka mingi, meno mekundu na mawili yanacheza. Mwaka huu na chumbani mambo hayendi, naona haya hata kusema. Mke kasoma barua zako ananambia niende kwa daktari wa meno. Meno na hayo wapi na wapi?

JIBU: Mkeo ana akili, mshukuru. Nguvu za mwanamme ni damu kwenda inapotakiwa, na mishipa ya huko ni myembamba sana, uvimbe wa fizi wa miaka na miaka unaichosha, na tumbaku inaibana zaidi. Wenye fizi mbovu wameonekana kupata shida hio zaidi kuliko wenzao. Lakini baba, mie kilichonishtua ni vyote viwili kuja pamoja. Sukari inalegeza meno na inaua nguvu, na mtu anaweza kuwa nayo miaka asijijue. Tambuu funga leo, popoo na tumbaku zote mbili zinaleta saratani ya mdomo, na kama bado mnataka mtoto jua mbegu zinachukua karibu miezi mitatu kutengenezeka, kwa hio usijipime wiki ijayo ukakata tamaa. Nenda asubuhi hujanywa chai wakupime sukari na presha, ukitoka hapo ndo upande foleni ya meno.