Mwanangu ananyamaza, nami naogopa kumuuliza

*Shangazi, shikamoo. Nina watoto wanne, naishi Mtwara mjini. Kijana wangu wa pili ana miaka 15, yuko kidato cha pili, shule ya kutwa. Tangu mwezi wa pili, kila Jumatatu tumbo linamuuma. Zahanati wamempima, hawaoni kitu. Mashati mawili yamechanika, na nauli ninayompa inaisha ingawa watu wananiambia anarudi kwa miguu. Mdogo wake ndiye aliyenitobolea siri: wenzake wanamwita shoga, wanasema si riziki, na kwenye grupu la WhatsApp wameweka picha aliyopigwa amejifunga kanga yangu siku ya harusi ya dada yake. Yeye nikimuuliza anasema hakuna kitu. Baba yake anataka apelekwe bweni akakomae. Shemeji yangu anasema kuna mganga. Mimi naogopa kumuuliza kama ni kweli. Nifanyeje? — Mama, Mtwara*

Marahaba, mama yangu.

Hilo la kuuliza kama ni kweli, liache. Najua linakukaba koo, lakini ndilo hilohilo linalomziba mdomo mwanao. Mtoto aliyeporwa baiskeli hukimbilia kusema, maana hakuna atakayemuuliza kama naye ni mwizi. Mtoto anayeitwa shoga hana njia hiyo. Ili amshtaki mwenzake ni lazima alitamke neno lenyewe kwa kinywa chake, mbele ya mtu mzima, kisha asubiri swali litakalofuata. Na swali huwa moja tu: kwani ni kweli? Akisema si kweli, haaminiwi. Akisema ni kweli, au akisema sijui, anaona nyumba yote inamgeuka. Basi anasema hakuna kitu. Kwa hesabu zake, hilo ndilo jibu pekee lisilo na gharama.

Tena fikiria kwamba anaweza kuwa hajui. Wengi wanaobandikwa jina hilo hawajawahi kumwambia mtu lolote kuhusu mapenzi. Wamebandikwa kwa sababu ya sauti, ya mwendo, ya kukaa na wasichana, au kwa kuwa hawachezi mpira. Wasichana nao yanawapata: anayecheza mpira na kunyoa nywele huitwa tomboi, na wapo wazazi wanaoharakisha kumwoza. Neno lenyewe, wewe huenda unamwitia jirani yako kwa mapenzi kila asubuhi, "shoga yangu, umeamkaje". Kwa mwanao linarushwa kama jiwe. Jiwe likimpata, linaumiza vilevile, awe ndivyo walivyosema au asiwe.

Tumbo lake si uongo. Mwili unaotarajia kupigwa kila siku haupumziki: usingizi unakatika, tumbo linajikunja, kichwa kinauma. Muulize taratibu kama anakunywa maji shuleni. Watoto wengi wanaoonewa hawanywi, kwa sababu chooni ndiko wanakosubiriwa, hivyo wanabana mkojo mpaka wafike nyumbani. Darasani macho yapo ubaoni na masikio yapo nyuma, anasikiliza nani amecheka. Somo haliingii. Usishangae alama zikishuka kabla ya upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, wala usimwadhibu kwa hizo alama. Baya zaidi ni kwamba neno analoambiwa kila siku mwisho anaanza kujiambia mwenyewe. Hapo ndipo huzuni inapogeuka kuwa kujichukia, na kujichukia ndiko kunakowafikisha baadhi ya vijana kwenye kujikata au kutaka kufa.

Kwa hiyo la kwanza ni la leo jioni, kabla ya shule na kabla ya mumeo au mtu yeyote kuambiwa chochote. Kama mna mikorosho, angalieni viuatilifu viko wapi. Katika nyumba nyingi huku kwetu chupa za dawa za kupulizia hukaa uvunguni au nyuma ya mlango hadi msimu mwingine. Zifungiwe kwa kufuli, ufunguo uwe kwako, au zitolewe kabisa nyumbani. Sumu ya panya na vidonge vya presha vya bibi navyo vivyo hivyo. Mawazo ya kujiua mara nyingi huja kama wimbi na kupita, na mtoto asiyefikia sumu dakika ile hupata nafasi ya kuishi. Ikitokea amekunywa, asitapishwe, asipewe maziwa wala mafuta. Chukueni chupa au karatasi yake, mkimbieni hospitali, na mseme ukweli alichokunywa. Familia nyingi huficha kwa sababu kujaribu kujiua kumeandikwa kuwa kosa katika Kanuni ya Adhabu. Lakini daktari anachagua tiba kwa kujua sumu, na kumficha kunaweza kumuua mtoto.

Na umuulize waziwazi: "Umewahi kuwaza bora ufe?" Kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Kunampa ruhusa ya kulitua.

Mazungumzo yenyewe usiyafanye kwa kumwita sebuleni akakaa mbele yako kama yuko barazani. Mchukue mahali mnapofanya kazi pamoja, macho yakiwa kwenye kazi: mnabangua korosho, mnachambua mchele, mnatembea kutoka sokoni. Sema maneno machache. "Naona tumbo linakuuma siku za shule. Najua kuna wanaokuumiza. Sitakuuliza habari nyingine yoyote. Nataka kujua ni nani, wapi, na saa ngapi." Kisha nyamaza wewe. Usijaze ukimya kwa nasaha, usimtaje Mungu hapo, usimwambie angebadili mwendo wasingemsema. Mzazi husema hivyo kwa mapenzi, mtoto anasikia kwamba hata mama yuko upande wao.

Akikuambia mwenyewe kwamba ni kweli, jibu lako liwe fupi: "Wewe ni mwanangu. Ahsante kwa kuniambia." Mengine yatakuja. Usimpelekee baba yake habari hiyo usiku huohuo, wala mtu mwingine, bila mtoto kukubali. Tarehe 17 Mei 1990 Shirika la Afya Duniani liliondoa kuvutiwa na watu wa jinsia moja katika orodha ya magonjwa, kwa hiyo mganga hana cha kutibu, na daktari hali kadhalika. Hakuna kipimo cha mwili kinachoonyesha jambo hilo pia. Yeyote atakayetaka kumkagua mwanao sehemu za siri ili "kuhakikisha", mkatalie. Na sheria yetu, pamoja na ukali wake wote, inaadhibu kitendo. Haina kifungu cha sauti wala cha mwendo wala cha hisia. Wakati huohuo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto na inakataza kumtesa na kumdhalilisha. Haikusema isipokuwa fulani.

Sasa shule, na hapa uwe makini kwa sababu ndipo wazazi wengi wanapoharibu kwa nia njema. Shtaki kitendo, usishtaki jina. Nunua daftari dogo. Kila mara andika tarehe, saa, mahali, aliyefanya, alichofanya, aliyeona: "Jumanne, saa 4 na nusu, nyuma ya vyoo, amesukumwa na wawili, shati limechanika, amenyang'anywa shilingi 500." Kuhusu maneno, andika tu "ametukanwa matusi ya kumdhalilisha". Wiki 2 za maandishi kama hayo zina uzito kuliko mwaka mzima wa "mwanangu anaonewa". Za kwenye simu, piga picha ya skrini ionekane namba na tarehe, kabla hajajitoa kwenye grupu, na asijibu kitu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kutumia kompyuta au simu kumtisha na kumsumbua mtu, na mkuu wa shule akikumbushwa hilo, mara nyingi husikiliza kwa makini zaidi. Daftari hilo likae kwako, si kwenye begi lake.

Nenda mwenyewe, siku baba yake hana hasira au hayupo. Omba kuonana na mkuu wa shule, si mwalimu wa nidhamu. Shule nyingi mwalimu wa ushauri nasaha ndiye huyohuyo mwenye fimbo, na mtoto hawezi kumfungulia moyo mtu aliyemchapa jana. Anza hivi: "Sikuja kuzungumzia tabia ya mwanangu. Nimekuja kuzungumzia kupigwa kwake na kunyang'anywa hela." Akikuuliza maswali ya pembeni, rudi palepale, mara 3 ikibidi. Omba mambo yanayoonekana kwa macho: mwalimu wa zamu asimame karibu na vyoo wakati wa mapumziko, mwanao abadilishiwe dawati, aruhusiwe kutoka dakika 10 kabla ya kengele, na waliomwonea wachukuliwe hatua kila mmoja peke yake.

Mwambie pia usichotaka. Usitake atajwe mstarini. Mwalimu akisimama mbele ya shule nzima na kusema "mwacheni fulani", kesho yake hata waliokuwa hawajui wamejua. Usitake waitwe wote ofisini wapeane mikono, maana aliyepigwa atapewa mkono leo na kulipishwa njiani kesho. Ukiona siku 10 zimepita bila mabadiliko, andika barua, nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa ubaki nayo, halafu upande kwa afisa elimu kata na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Afisa ustawi huyo ni mtu wa kumjua mapema. Kazi yake ni mtoto, si nidhamu ya shule.

Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lina mahali pake: akijeruhiwa, akitishiwa kwa silaha, akishikwashikwa au kuingiliwa. Kwa matusi matupu nisingeanza huko, kwa sababu maswali yanaweza kumgeukia yeye. Lakini likitokea la kuingiliwa, na wavulana wa namna hii huwindwa kwa kuwa wanaowawinda wanajua hawatasema, usihesabu aibu, hesabu saa. Dawa ya kumkinga na VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na inamezwa siku 28. Asioge, nguo zisifuliwe, nendeni moja kwa moja hospitali ya Ligula. Walio Lindi waende Sokoine. Fomu ya polisi ya matibabu, PF3, ifuatiliwe na mtu mwingine wakati mtoto anahudumiwa. Dalili za kuangalia ni kukaa kwa shida, damu kwenye nguo ya ndani, na kuogopa ghafla mtu mmoja ambaye zamani hakumwogopa.

Kwa huzuni na usingizi, hapohapo hospitali ya mkoa ulizia huduma ya afya ya akili. Wengi hawaendi kwa kuogopa kwamba nesi wa zahanati ya mtaani ni jirani, na hofu hiyo ina sababu, ndiyo maana nakutuma mbali kidogo na mtaa. Unachotakiwa kusema ni hali yake: hapati usingizi, hataki kula, analia, amesema amechoka kuishi. Jina analoitwa si sehemu ya maelezo mpaka yeye mwenyewe atake kulisema. Mtoto pia ana namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo. Simu ya kuazima ni kikwazo kikubwa kuliko watu wazima wanavyodhani. Mpe yako, mwambie afute namba akimaliza, kisha toka nje ukafagie uwanja.

Bweni, hapana. Sasa hivi kero yake inaishia saa 10 jioni. Huko bweni kero itamfuata mpaka kitandani, usiku, taa zikiwa zimezimwa. Kuhamia shule nyingine ya kutwa kunafaa kama kipigo hakikomi, ila yeye ashiriki kuichagua, barua iseme sababu za kifamilia, na ujue picha ile inaweza kumtangulia kwenye simu za wengine. Fimbo ya nyumbani pia haikomazi. Inamfundisha kwamba sasa hana tena pa kukimbilia.

Baba yake usishindane naye peke yako. Huku kwetu Kusini mjomba bado ana neno juu ya mtoto wa dada yake, hasa kwenye nyumba za Kimakonde, Kimwera, Kiyao na Kimakua. Katika kaka zako chagua mmoja, yule anayejua kutunza la ndani, hata kama si mkubwa wao. Mpe daftari alisome. Aende akamwambie shemeji yake habari ya kipigo, hela na mashati, na amwombe jambo moja: asimguse mtoto muhula huu. Mwaka 2019 shirika la Trevor Project la Marekani, katika utafiti wake kwa vijana wa huko wanaovutiwa na jinsia yao na wengine kama hao, lilikuta kwamba walio na japo mtu mzima mmoja anayewakubali walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 40 wa kusema wamejaribu kujiua mwaka uliopita. Mmoja tu. Kwa mwanao huyo ni wewe, na mjomba akiingia mnakuwa wawili.

Kuna jambo dogo la kupanga kabla ya Jumatatu. Tafuta duka au mama ntilie wa karibu na shule unayemwamini, umwachie namba yako. Mwambie mwanao kwamba siku yoyote akizidiwa aende pale, aombe utumiwe "tafadhali nipigie". Hutauliza kwa nini. Ukiona ujumbe huo, panda bajaji umfuate, mrudi nyumbani, umpe chai, na maswali yasubiri mpaka mtakapokaa tena na ungo wa korosho kati yenu.