Maswali yenu: Mavi ya ngombe mbili inatosha kupika?

Mama mufugaji, Kabare, anauliza: Jambo Muzee agronomu. Makala ya kupikia imepanda bei mpaka nashindwa, na kuni tunazifata mbali. Niko na ngombe mbili na nguruwe tatu, mavi yote tunatupa kwenye migomba. Jirani anasema inatoa gazi ya kupikia. Ni kweli ao ni maneno tu? Na ngombe mbili zinatosha?

Jibu: Jambo mama. Ni kweli kabisa. Mavi ikifungiwa na maji pahali hewa haiingii, vidudu visivyoonekana na macho vinaila vinatoa gazi, na sehemu kubwa ya ile gazi ni metane, ileile iko chini ya ziwa letu Kivu ambayo Rwanda wanaitolea mwangaza kule upande wa Kibuye.

Lakini mbele ya kuuliza bei ya simenti, anza na besheni na kilo. Wiki nzima okota mavi kila asubui, pima, andika. Ngombe inayoshinda kizizini inakupa kama kilo 10 kwa siku, ile inayoshinda malishoni nusu inabaki huko, usiihesabu. Tuseme zote mbili unazifungia: kilo 20 za mavi, unachanganya na lita 20 za maji, ni bidoni moja ile ya njano, unavuruga mpaka inakuwa kama buyi laini, unatoa majani marefu na mawe. Kukiwa joto inaweza kutoa lita 700 ao 800 za gazi, na jiko dogo linakula karibu lita 300 kwa saa. Vile vidudu vinapenda joto ya digri 35, chini ya 15 karibu vinalala, na kwenu Kabare kuko baridi, basi wewe hesabia masaa mawili kwa siku. Hiyo ni chai, buyi ya watoto, bugali na mboga. Maharage bado utaweka kwenye mbabula, lile jiko la makala, hata ukiyalowanisha toka jana yake. Mwenye kukuambia na ngombe mbili utaaga makala kabisa anakudanganya, na inaniuma sana juu watu wanajenga wakiamini hivyo, alafu miezi michache wanaachilia tanki inakauka. Mavi ya nguruwe ongeza tu, kilo kwa kilo inapita ya ngombe.

Ukubwa wa tanki unatoka kwa hesabu ileile: lita 40 kwa siku, juu ya baridi iachie siku 60 ndani, ni lita 2400, ongeza nafasi ya gazi, karibu metre kibe 3. Weka pahali jua linapiga. Maji ya javel ao ya sabuni isiingie, na ngombe ikiwa kwenye dawa ya antibiotiki mavi yake weka pembeni, juu inaua vidudu. Na migomba yako haitapoteza kitu mama, ile maji inayotoka upande wa pili ni mbolea nzuri.

Kijana, Goma: Kwetu chini ni mawe ya volkano tupu, hatuwezi kuchimba. Tufanye je? Shitingi, ile turubai ya plastiki iliyofumwa, inaweza kusaidia?

Jibu: Usichimbe. Panga ukuta wa mawe kama ule wa lupango, ndani weka matope ao mifuko ya udongo juu lile jiwe linatoboa, alafu lalisha mfuko murefu wa plastiki nzito, ndiyo tanki yako. Shitingi hapana, gazi inapita kwenye nyuzi. Ila kitu kinanisumbua kwa Goma ni maji. Kama unanunua bidoni inayotoka ziwani na chukudu, ile kinga ya mbao ya kubebea mizigo, piga hesabu ya bidoni moja kila siku, mwaka muzima, mbele ya kununua hata metre moja ya plastiki. Mkojo wa ngombe na maji ya kuoshea mboga inaweza kuchukua pahali pa sehemu ya maji, si yote. Kama hesabu haikubali, acha kwanza, ngojea mvua na tanki ya kupokea maji ya mabati.

Na tafazali, tanki yoyote ikiziba, mtu asiingie ndani kuzibua. Mnajua mazuku, ile gazi mbaya inayotoka ardhini, vile inaua mbuzi kwenye mabonde, na mule ndani ni vilevile.

Baba, Bagira: Wiki ya tatu mfuko umejaa lakini gazi haiwaki!

Jibu: Ya kwanza inakuwa karibu yote gazi karboniki, haiwaki. Fungua robine nje, mbali na moto, itoke yote, ungoje ijae tena. Ikinuka yai bovu, pitisha tiyo kwenye chupa yenye ile waya ya chuma ya kusugulia sufuria. Na ukitafuta panapovuja, paka maji ya sabuni kwenye viungo vya tiyo uangalie povu. Usiwashe kiberiti.