Tapu ya Hesi Pana Unayo Tayari Nyumbani

Juma lililopita kijana mmoja wa Likoni aliniandikia akitaka kujua ni duka gani hapa Mombasa linalouza tapu ya hesi za trapezi, yaani chombo cha kukatia hesi pana ndani ya tundu, ile ya kutengenezea nati za plastiki. Nilimjibu kwa ufupi kwamba anayo tayari nyumbani kwake, na kwa kuwa hakuniamini, nimeona nimweleze kwa urefu.

Sisi tunaojijengea mashine za kuchonga mbao kwa kompyuta tunaijua shida yenyewe. Meza ya mashine husukumwa na fimbo ndefu ya hesi inayozunguka ndani ya nati, na nati ikishalika, kila meza inapogeuza mwelekeo kuna nafasi ndogo inayopotea bure. Mimi niliipata habari hiyo nilipojaribu kuchonga waridi la nakshi, mfano wa yale ya milango ya Mji wa Kale, likatoka kama chapati ya mtu anayejifunza kusukuma.

Nilikwenda kwa fundi mkereza mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi, nikamwachia kipande cha asetali, ile plastiki nyeupe ngumu inayoteleza, pamoja na malipo ya awali. Baada ya wiki tatu za "njoo kesho" alinikabidhi nati yenye hesi za bolti ya kawaida, za pembe ya digrii 60 kati ya mbavu zake, ilhali fimbo yangu ni ya digrii 30. Nilipomwonyesha tofauti hiyo alicheka mbele ya vijana wake, akasema kwamba plastiki si kazi ya mafundi. Singependa kudanganya kwamba maneno yale yameshanitoka moyoni.

Usiku ule nilikitazama kipande cha fimbo kilichobaki nilipoikata kwa kipimo cha mashine, nikajiuliza: kama nati inatakiwa iikubali fimbo hii, ni chombo gani kitakachoikata vizuri kuliko fimbo yenyewe? Plastiki ni laini. Chuma cha kawaida kinaikata bila hata kuchomwa na kukazwa makali.

Tapu yangu ya kwanza ilikuwa aibu. Nilichonga kwa grinda mifereji mitatu kufuata urefu wa kipande kile cha fimbo, nikakitia kwenye tundu la plastiki kama tapu, ikagoma kabisa kukata kwenda mbele, lakini nilipoirudisha nyuma ikanyoa plastiki kama wembe. Nilikuwa nimeuweka ukuta wenye makali upande usiofaa. Tafadhali, kabla hujawasha grinda, ishike fimbo mkononi, izungushe kama unayefunga bolti, kisha utie alama kwa kalamu kwenye ule ukuta wa mfereji utakaotangulia kukutana na plastiki. Ukuta huo ndio unaopaswa kusimama wima kuelekea katikati ya fimbo, na ule wa pili unaweza kulala upendavyo. Mfereji wenyewe uchimbwe kupita kidogo mzizi wa hesi, yaani sehemu ya chini kabisa kati ya hesi na hesi, la sivyo mabaki ya plastiki yatakosa pa kwenda.

Kosa la pili lilikuwa la kiburi. Fimbo yangu ina kipenyo cha milimita 12 na hesi zake zimeachana kwa milimita 3, kwa hiyo tundu la kutoboa kwenye plastiki kabla ya kutia tapu ni 12 kutoa 3, yaani milimita 9. Mimi nilitoboa 8.5, nikidhani kwamba nati ikibana zaidi itakuwa bora zaidi. Plastiki ilipata moto, ikalainika, ikajaa kwenye mifereji, na tapu ikanasa humo hadi nikakipasua kipande chote. Vijana wengi tuna maradhi haya ya kudhani kwamba nguvu inaweza kuchukua nafasi ya hesabu.

Tapu ya tatu ilifanya kazi, na siri yake ilikuwa ncha. Niliifunga fimbo kwenye drili, nikaizungusha huku nikiikandamiza tupa, mpaka hesi nane za mwanzo zikapungua polepole na ncha ikawa nyembamba kuliko tundu. Hivyo kila hesi hukata kidogo na kuiachia inayofuata. Niliondoa vinyweleo vya chuma kwa tupa ya pembe tatu, nikafunga nati kwenye jiliwa, nikakata kwa mkono, nusu mzunguko mbele na robo nyuma. Asetali hurudi kidogo baada ya kukatwa, kwa hiyo nati mpya hubana. Izungushe kwenye fimbo mara kadhaa mpaka izoee. Ukipenda, ipasue upande mmoja na uweke skrubu ya kuibana, ili itakapolika uikaze tena.

Nailoni ni rahisi kuipata, lakini hunywa unyevu na kuvimba, na hewa ya pwani yetu unaijua. Tena usiiache asetali iungue, kwa maana moshi wake ni sumu. Na miwani ya kinga uivae, mwanangu, hata kama hakuna anayekutazama.

Waridi la pili nililipima kwa kalipa, kile kipimo cha taya mbili, kutoka kila upande, na tofauti haikufika sehemu moja ya kumi ya milimita. Nimelitundika ukutani kwenye karakana. Lile la kwanza, lile la chapati, nimelitundika kando yake, karibu na mlango, siku fundi yule akipita alione.