Baraka iliyoviringwa ndani ya fedha

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni ushahidi upi wa kihistoria unaotusogeza karibu zaidi na chimbuko la maandiko ya Kiebrania. Najua wengi watataja magombo ya Bahari ya Chumvi, na wako sahihi: gombo la Isaya lililokutwa Qumran, kando ya bahari hiyo, lina zaidi ya mita 7 na liliandikwa karne moja na ushei kabla ya Kristo. Mimi nachagua vipande viwili vya fedha. Kikubwa chao, hata kikikunjuliwa, hakifiki sentimita 10.

Mwaka 1979 mwanaakiolojia Gabriel Barkay alikuwa akichimbua makaburi ya kale Ketef Hinnom, Yerusalemu. Wezi walikuwa wameyakomba karibu yote, ila chumba kimoja cha kuhifadhia mifupa kilinusurika kwa sababu dari lake liliporomoka likafunika kila kitu. Humo ndimo zilimokutwa hirizi hizo mbili, nyembamba kama karatasi, zimeviringwa. Kuzikunjua bila kuzivunja kulichukua miaka mitatu. Maandishi yamekwaruzwa kwa herufi za Kiebrania cha kale, si hizi za mraba ambazo Wayahudi walizipata baadaye kwa Waaramu. Yaliposomeka, kumbe ni maneno ambayo yeyote aliyewahi kukaa kanisani hadi mwisho wa ibada anayajua: "BWANA akubarikie, na kukulinda". Ni Hesabu 6, baraka ya makuhani. Hirizi zenyewe ni za mnamo 600 KK, Hekalu la Sulemani likiwa bado limesimama.

Hapa tusikimbilie kushangilia kupita kiasi. Hirizi hazithibitishi kwamba kitabu chote cha Hesabu kilikuwa kimekamilika wakati huo. Tena baraka iliyomo kwenye ile ndogo ni fupi kuliko ya kwenye Biblia. Wapo wanaoona hilo ni udhaifu. Mimi naona ndiyo thamani yake. Linatuonyesha maneno yakiwa bado vinywani mwa watu, yakitamkwa na kuvaliwa, pengine kabla hayajatulia kitabuni.

Na kuandika kwenyewe kulikuwa kumezoeleka. Maandishi ya Siloamu, yaliyoonekana mwaka 1880 kwenye ukuta wa mfereji chini ya Yerusalemu, ni ya karibu 700 KK. Hayamtaji mfalme hata mmoja. Yanasimulia wachimbaji wa pande mbili walivyosikia sauti za wenzao ng'ambo ya mwamba.

Ila narudi kwenye hirizi. Aliyeivaa hakuweza kuisoma, maana ilikuwa imeviringwa na uzi kupitishwa katikati. Naamini baraka ile aliijua kwa kuisikia. Akazikwa nayo.