Kufunga na ketosisi kwa mwenye McArdle: kwanza ujue misuli yako imekwama wapi

Kuna ushauri unaosambaa kwamba mwenye maradhi ya misuli afunge, aache wanga, mwili uzoee kutumia mafuta (hali iitwayo ketosisi), na nguvu zitarudi. Kwa baadhi ya wagonjwa ushauri huo una msingi. Kwa wengine ni hatari ya kufa figo. Yote yanategemea ni njia ipi ya nishati iliyoharibika ndani ya misuli.

Ugonjwa wa McArdle ulielezwa mwaka 1951 na daktari Brian McArdle wa London. Anayezaliwa nao ana hitilafu katika jeni ya PYGM, hivyo misuli yake inakosa kimeng'enya cha kuvunja glikojeni, yaani akiba ya sukari iliyomo ndani ya misuli yenyewe. Akiba ipo, tena tele, ila haifunguki. Ndiyo sababu dakika za mwanzo za kazi yoyote ndizo ngumu kuliko zote: moyo unakwenda mbio, miguu inauma na kukakamaa. Akipunguza mwendo, baada ya dakika 7 hadi 10 hivi anapata nafuu, kwa kuwa damu sasa inaleta sukari kutoka kwenye ini na asidi za mafuta kutoka kwenye akiba ya mwili. Hiyo ndiyo pumzi ya pili.

Kwa mgonjwa huyu njia ya mafuta ni nzima. Akila wanga kidogo sana kwa siku kadhaa, ini hugeuza mafuta kuwa ketoni, nazo huchomwa kwenye misuli bila kuhitaji glikojeni hata chembe. Watafiti wa Copenhagen wamewajaribu wagonjwa wa McArdle kwa mlo wa aina hii. Majaribio hayo ni madogo, na manufaa hayalingani kwa kila mtu. Kwa hiyo ni jambo la kujaribu kwa uangalizi, na asikuuzie mtu kama dawa.

Sasa upande wa pili, na hapa naomba usome polepole. Wapo wenye upungufu wa CPT2 au VLCAD, yaani vimeng'enya vya kuchoma mafuta, ambao njia yao mbovu ni hiyo hiyo ya mafuta. Kwao kufunga ni kuinyang'anya misuli chakula pekee inachoweza kukitumia. Misuli huyeyuka, protini yake huingia kwenye damu na kuziba figo. Historia ya maumivu inasaidia kuwatofautisha. Mwenye McArdle huumia mapema, ndani ya dakika chache, na kipimo cha CK kwenye damu (kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye misuli iliyoumia) hubaki juu hata akiwa amepumzika. Mwenye CPT2 huumia baada ya kazi ndefu, au akiwa na homa, njaa au baridi, na kati ya mashambulizi CK yake mara nyingi huwa ya kawaida. Lakini dalili hazitoshi. Usianze mfungo wala mlo wa ketosisi kabla ya kipimo cha jeni, au angalau kipimo cha damu cha asilikanitini kinachoonyesha kama mafuta yanachomwa vizuri. Kama maabara ya karibu haina vipimo hivyo, sampuli inaweza kusafirishwa, na kuisubiri ni bora kuliko kubahatisha.

Ukishathibitishiwa McArdle na daktari ameridhia, mlo wenyewe huwa hivi: asilimia 75 ya nishati kutoka kwenye mafuta, 15 protini, 10 wanga. Kwa anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku, hiyo ni mafuta gramu 167, protini gramu 75, wanga gramu 50. Gramu 50 huisha haraka mno kwenye meza zetu. Kikombe kimoja cha wali kina kama 45. Ugali wa gramu 100 za unga mkavu una kama 75, yaani umeshapita. Korosho huwaponza wengi, kwani gramu 100 zina wanga wa karibu 30. Karanga na parachichi ni salama zaidi. Mafuta hupatikana kwa urahisi kwenye tui zito la nazi, samli, mayai, samaki wenye mafuta na parachichi. Kijiko kikubwa cha mafuta ni gramu 14 hivi. Mchicha, tembele na sukuma wiki vipikwe kwa mafuta ya kutosha, si ya kunyunyizia.

Wiki ya kwanza ndiyo inayowatoa wengi mbio, na sababu yake inaeleweka. Sukari ya ini imepungua, ketoni hazijapanda, glikojeni ya misuli haifunguki. Siku hizo misuli haina pa kushika, kama mtu aliyeachia tawi moja kabla ya kulifikia la pili. Usipange safari, kufua, kutwanga wala kuhama nyumba. Insulini ikishuka figo nazo hutoa chumvi na maji mengi, ndipo kichwa kinauma na kizunguzungu kinakuja. Supu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, mara moja au mbili kwa siku, husaidia, isipokuwa kwa mwenye shinikizo la damu, moyo au figo. Pima ketoni kwa tone la damu kidoleni. Lengo ni kati ya milimoli 0.5 na 3 kwa lita. Vijiti vya mkojo hufaa mwanzoni, baadaye hupotosha.

Ketosisi haiondoi kanuni za mwendo. Kazi ya kukaza misuli bila kutembea ndiyo mbaya zaidi: kuchuchumaa, kuning'inia kwenye bomba la daladala, kuinua ndoo ya lita 20. Juhudi kubwa isizidi sekunde 6, kisha pumzika. Anza kila matembezi taratibu hadi pumzi ya pili ifike.

Wengine hunywa sukari gramu 37 hivi, karibu vijiko 9 vya chai, dakika 5 kabla ya mazoezi. Njia hiyo hufanya kazi kwa McArdle, lakini huzima ketosisi. Chagua moja. Na mwenye ugonjwa wa Tarui, ambao misuli inashindwa kuivunja sukari yenyewe, asiiguse kabisa, kwa maana sukari humzidishia udhaifu.

Mfungo wa usiku wa saa 12 hadi 14, maji yakiruhusiwa, kwa kawaida huvumilika. Mifungo ya siku nyingi siipendekezi hata kidogo, kwani mwili huanza kula protini ya misuli, na misuli ndiyo tunayoilinda. Ramadhani ni jambo jingine, kwa sababu maji nayo yanakosekana kwa saa 13 na ushei. Misuli ikiumia mwili ukiwa mkavu, figo huathirika upesi. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Azungumze na daktari na shekhe wake mapema, tangu Shaaban. Anayefunga asifanye kazi nzito mchana, na ajue kuwa futari ya mihogo, viazi vitamu na ndizi mzuzu humtoa kwenye ketosisi usiku huo huo, kisha kesho yake anaanza upya kwenye kile kipindi kigumu.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au dawa za jamii ya SGLT2 (zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo) asijaribu haya nyumbani: asidi ya damu inaweza kupanda hata sukari ikionekana sawa. Mjamzito na mtoto vivyo hivyo.

Mkojo ukiwa na rangi ya kola au chai ya rangi, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi. Waambie una McArdle, waambie CK yako ya kawaida ni ngapi, na omba waangalie utendaji wa figo na potasiamu. Andika hayo kwenye karatasi na uitembeze mfukoni, maana siku hiyo huenda usiweze kueleza.