Kabla ya Kushusha Gia Boksi kwa Ajili ya Oili Inayovuja

Gari langu ni Toyota Carina ya mwaka 1998 yenye injini ya 5A-FE, na kwa karibu miaka miwili liliacha doa la oili sakafuni kila nilipoliondoa asubuhi hapa nyumbani Nkuhungu. Fundi wa kwanza alilala chini yake, akaona oili imetapakaa pale injini inapoungana na gia boksi, akasema sili ya nyuma ya kranki, yaani mpira unaozuia oili isitoke pale mhimili wa injini unapoingia upande wa gia boksi, imekwisha. Nilikubali, gia boksi ikashushwa, sili mpya ikafungwa, nami nikalipa fedha ambayo hadi leo sipendi kuitaja mbele ya mke wangu. Wiki ya pili doa lilirudi mahali palepale.

Simlaumu sana fundi yule, kwa kuwa mimi ndiye niliyempelekea injini chafu. Oili hushuka kwa uzito wake, na gari likiwa mwendoni upepo huisukuma nyuma, kwa hiyo mahali inapodondokea mara nyingi ni mbali na mahali inapotokea. Kwetu Dodoma kuna tatizo la ziada: wakati wa kiangazi vumbi jekundu hunasa kwenye oili na kugeuka tope gumu linalofunika injini nzima, kiasi kwamba kila kiungo huonekana kama ndicho kinachovuja.

Kilichonisaidia ni kuiosha injini ikiwa imepoa, kwa mafuta ya taa na brashi ya zamani ya kupakia rangi, baada ya kuifunga distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi) na altaneta kwa mifuko ya nailoni ili visilowe. (Petroli husafisha haraka zaidi, lakini siwezi kumshauri mtu aimwage karibu na betri.) Ilipokauka nilinyunyiza poda ya mtoto kwenye maungio yote, kuanzia tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) hadi chini, nikaendesha hadi Nala, nje kidogo ya mji, na kurudi. Usiende mbali zaidi ya hapo, maana oili ikipata muda itasambaa tena na utakuwa umerudi ulikoanzia.

Nilipofungua boneti niliuona mstari mwembamba wa poda iliyolowa, ukianzia chini ya distribyuta, ubavuni mwa kichwa cha injini, na kuteremka moja kwa moja juu ya gia boksi. Sili ya kranki niliyoilipia haikuwa na kosa lolote. Kwenye injini hii distribyuta hukaa upande wa gia boksi, na kwenye shingo yake kuna oringi, yaani pete, moja tu ya mpira inayozuia oili isitoke. Nilikwaruza alama kwa ncha ya bisibisi kati ya distribyuta na kichwa cha injini, ili nisipoteze taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche), nikafungua bolti mbili kwa spana namba 12 na kuivuta taratibu. Oringi ilikuwa imebapa na kukauka kama plastiki. Nilipoikunja kidogo ilikatika vipande viwili mkononi. Nilipeleka vipande hivyo dukani ili nipate ya kipimo kilekile, nikaipaka mpya oili kidogo na kuirudisha distribyuta.

Hata hivyo, mpira huwa na sababu ya kushindwa, na mbali na umri na joto, sababu ambayo mafundi wengi huiruka ni valvu ndogo ya kupumulia iliyo juu ya tapeti kava, ile yenye bomba la mpira linaloelekea kwenye manifoldi ya hewa. Ikiziba, mvuke hujaa ndani ya injini na kutafuta njia ya kutokea kwenye gasketi na sili zilizo dhaifu. Ichomoe na uitikise: ikiwa nzima utasikia kitu kikigonga ndani. Yangu ilikuwa kimya. Laiti ningeibadilisha mwanzoni kabisa, kwa kuwa ukiweka sili mpya huku injini haipumui, utazibadilisha tena.

Gasketi ya tapeti kava nayo niliibadilisha siku hiyohiyo, kwani ilikwishakakamaa. Nati zake hazihitaji nguvu. Ukizikaza kupita kiasi gasketi hujiminya na kuvuja upya. Silikoni niliipaka kidogo tu kwenye kona, kwa sababu ikizidi hukatika kwa ndani na kuishia kwenye chujio la pampu ya oili. Dawa za chupa zinazodaiwa kuziba uvujaji sikuzijaribu, na ushauri wa kuhamia oili nzito zaidi niliukataa, kwa kuwa oringi iliyokufa haifufuliwi na oili nzito.

Baada ya safari ya Kibaigwa na kurudi nililaza boksi jeupe chini ya injini usiku kucha, na asubuhi lilikuwa kavu. Sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, bado inatoa jasho kidogo upande wa mbele, lakini kipimo kwenye stiki hakishuki, hivyo nimeiacha hadi nitakapomwaga oili tena.