1TB ya elfu 45 au 512GB ya laki na ishirini? Kadi ya kuweka kwenye Steam Deck

SWALI: Habari fundi. Anko kaniletea Steam Deck, ile mashine ya gemu ya kushika mkononi, kutoka Dubai, imeshatumika kidogo, ni ile ya GB 64, yaani ndani gemu la maana hata moja haliingii. Nataka memori kadi kubwa. Mtandaoni kuna jamaa anauza 1TB kwa elfu 45 na imeandikwa 200MB/s, halafu dukani hapa Tanga wana 512GB kwa laki na ishirini, imeandikwa 100MB/s tu. Mi naona ile ya 1TB ndo mchongo au we unaonaje? Na hizi alama za A1, A2, U3, V30 zina kazi gani ama ni urembo? Halafu mdogo wangu ana mashine ya gemu ya Nintendo Switch, tunaweza kupokezana kadi moja?

JIBU: Salama mdogo wangu. Kabla hujatuma hela kokote, hiyo 1TB ya elfu 45 achana nayo. Sijaiona wala muuzaji simjui, ila bei yenyewe imeshaniambia, maana 1TB ya kweli hata mwenye duka la jumla haipati kwa hela hiyo, sasa yeye akupe wewe kwa mapenzi gani? Kadi za namna hiyo mara nyingi ndani kuna memori ya GB 32 au 64, ile chipu ndogo inayosimamia kadi imechezewa tu ili ikiulizwa ina ukubwa gani ijibu 1TB. Simu inaamini, laptopu inaamini, maana hakuna kifaa kinachopita chumba kwa chumba kuhesabu, kinauliza tu na kupokea jibu.

Kuna mteja aliniletea moja ya hivyo, kaja analalamika Deck yake mbovu, gemu linashuka mpaka mwisho halafu linagoma kufunguka, anafuta anashusha tena, linagoma tena. Nikaichomoa kadi nikaipima kwenye laptopu kwa F3, hii ni programu ya bure, inajaza kadi nzima kwa mafaili ya GB moja moja halafu inarudi kuyasoma yote kuona kama ni yale yale iliyoyaandika. Faili la kwanza safi, la kumi safi, la ishirini safi, mpaka nikaanza kumwonea huruma muuzaji nikasema labda tunamsingizia. Kuvuka la ishirini na tisa ikawa takataka, kuanzia hapo mpaka chini hakuna faili hata moja lililorudi zima. 1TB yake ilikuwa GB 29! Na kilichomuuma jamaa si ile hela ya kadi, ni bando, alikuwa ameshusha Elden Ring mara mbili, gemu la GB 60 hivi, kwa data ya simu.

Na hapo ndo penyewe mdogo wangu. Ukisoma ushauri wa watu wa Ulaya na Marekani watakwambia chukua kadi ya 256GB inatosha, gemu ukilimaliza unafuta, ukilitaka tena unashusha usiku umelala. Wenzetu wana intaneti ya waya nyumbani isiyo na kikomo. Wewe ukifuta gemu la GB 60 umefuta hela, kwa hiyo kwetu kadi kubwa inajirudishia gharama yake kwa haraka, ndo maana nakubaliana na wewe kutaka kubwa, ila iwe kubwa ya kweli. Piga hesabu mwenyewe: Baldur's Gate 3 wanataka nafasi ya GB 150, Red Dead Redemption 2 nayo 150, ongeza hiyo Elden Ring ya 60, umeshafika 360 na una magemu matatu tu. Kwa 512GB unabaki na nafasi ya vidogo vidogo kama Hades na Stardew Valley ambavyo ndo kiukweli utavicheza sana ukiwa kwenye daladala. Kwa hiyo mimi ningechukua ile ya dukani. Ukiichomeka kwenye laptopu ya Windows itakuonyesha 476 hivi badala ya 512, usiende kugombana na mtu, mtengenezaji anahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1024, hakuna aliyeibiwa.

Kwenye spidi nako usidanganyike na namba. Tundu la kadi la Steam Deck ni la aina inaitwa UHS-I, mwisho wake kwa makaratasi ni 104MB/s. Hizo kadi zilizoandikwa 170 au 200, hata zile za kweli, zinafika huko zikiwa kwenye kisomea kadi maalumu kinachojua ujanja wa mtengenezaji wake, ukizirudisha kwenye Deck zinatembea sawa na wenzake. Kwa hiyo 100MB/s ya dukani na 200MB/s ya mtandaoni kwenye mashine yako ni kitu kilekile. Kuna nyingine ukigeuza nyuma zina safu mbili za vile vipande vya shaba, hizo ni UHS-II, bei yake ya wapiga picha, Deck inatumia safu ya kwanza tu, ile ya pili umenunua pambo.

Alama sasa. U3 na V30 zote mbili zinasema kadi haitashuka chini ya 30MB/s wakati wa kuandika mfululizo, hizi waliwekewa watu wa video lakini kwako zinasaidia kwenye kushusha gemu na hasa kwenye apdeti. Apdeti kwenye kadi ni kero, nakwambia mapema usije ukadhani imekufa, inaweza kushuka GB 2 tu halafu ikakaa muda mrefu inapanga mafaili kwa sababu inabidi lile gemu kubwa iliandike upya vipande vipande. A1 na A2 ni habari ya vitu vidogo vidogo vilivyotawanyika, A1 inaahidi kusoma mara 1500 kwa sekunde na kuandika mara 500, A2 ni 4000 na 2000, ila hizo za A2 zinapatikana kama kifaa chenyewe kinajua kuongea na kadi kwa mtindo huo, na hizi konso zetu nyingi hazifaidi sana. Ukiikuta A2 kwa bei ileile chukua, usiongeze hela kwa ajili yake.

Kuhusu mdogo wako, hapana, kila mtu na yake. Deck ikifomati kadi inaiweka kwenye mpangilio wa mafaili unaoitwa ext4 ambao Switch haiuelewi kabisa, Switch nayo ikiifomati inafuta vya kwako vyote, yaani mtakuwa mnafutiana magemu kila wikiendi mpaka mama aingilie. Yeye akitaka yake, Switch ya kawaida inakubali mpaka 2TB, na ajue sevu zake zinakaa ndani ya Switch yenyewe, kwenye kadi linakaa gemu tu, kwa hiyo kadi ikipotea maendeleo yake hayapotei. Lakini muulize vizuri ana Switch gani, maana kama ni Switch 2, ile iliyotoka Juni 2025, hiyo haiendeshi gemu kwenye kadi hizi za kawaida, inataka microSD Express, ni kitu kingine na bei nyingine.

Dukani elewana na muuzaji kabla hujalipa kwamba unaenda kuipima na ikiwa feki unarudisha, akianza kujing'atang'ata ondoka. Ukifika nyumbani kitu cha kwanza ni kupima, hata gemu usiweke. Kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Linux au Mac tumia F3, zote za bure. Ijaze yote, usipime GB 10 ukasema imepita, umeona ya yule mteja. Kwa 512GB tenga kama masaa manne, na kama kisomea kadi chako ni cha zamani cha USB 2 weka mara mbili yake au zaidi, iache usiku, laptopu iwe imejaa chaji, umeme usije ukakatika katikati. Ikipita ndo unaiingiza kwenye Deck, unaenda Settings, Storage, unaifomati humohumo, nayo ina kipimo chake kidogo cha kukagua kadi feki. Baada ya hapo ukirudi kuichomeka kwenye Windows itakwambia hii kadi haisomeki nikufomatie? Bonyeza Cancel. Nimeshaona mtu kabonyeza OK kwa mazoea tu, GB 300 zikaondoka hapohapo.

Siku za mbele ukichoka na kadi, hiyo Deck yako ya GB 64 inafunguka, memori yake ya ndani iko kwenye kibao kidogo cha aina ya M.2, saizi 2230, na inabadilishwa na SSD ya kweli, yaani diski ya ndani yenye spidi, magemu yanafunguka haraka zaidi na apdeti hazikeri. Ila ukimpelekea fundi au ukifungua mwenyewe, chomoa memori kadi KWANZA, kabla hata ya skrubu moja kuguswa. Kadi inakaa imeshikwa na mfuniko wa nyuma, ukivuta mfuniko kadi inakatika katikati kama biskuti. Kadi ya kwanza niliyoivunja ilivunjika hivyo, tena ya mteja, nikailipa.